Sura ya Tano: Kisanduku cha Mwisho

Karanga za shilingi ishirini zilikuja na mtu mwenye bastola. Hakuwa na miguu. Miguu ilibaki kwenye kipande kingine cha gazeti, kilichofungia karanga za mtoto mwingine, na mtoto mwenyewe alikuwa ameshakata kona na kupotea. Mimi niliambulia kiwiliwili: shati limechanika begani, jicho moja limefumbwa, mkono umenyooka, na pembeni kabisa, pale kisanduku kilipoishia, ncha ya kiatu cha mtu wa pili ikichungulia. Mafuta ya karanga yalikuwa yameloanisha karatasi hadi maandishi ya upande wa pili, tangazo la tanzia, yakajitokeza kinyumenyume katikati ya kifua cha yule jamaa. Nilikaa na kile kiatu wiki nzima. Kiatu cha nani?

Hiyo ilikuwa Runzewe, kati ya mwaka 1994 na 1995, enzi malori ya chakula yanapita usiku na mchana kutoka Isaka kwenda Ngara, kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda. Tulikuwa Mkoa wa Shinyanga wakati huo. Tangu 2012 tuko Mkoa wa Geita, ingawa nyumba yetu haijasogea hata hatua moja. Magazeti yalitufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni basi: nakala chache za mwalimu mkuu na watu wa ofisini, zimechelewa siku mbili au tatu, na hizo hazikuwa za kuguswa na mtoto. Ya pili ni madereva wa malori, waliosoma magazeti yao njiani, wakayatandika chini ya gari wakati wa kufunga springi, kisha wakayaacha hapo hapo. Haya ndiyo yaliyoishia mikononi mwa mama wa karanga pale stendi. Yeye aliyachana, akayasokota yakawa pembe, akajaza karanga, akafunga mdomo kwa kubonyeza. Sikuwahi kusoma hadithi ya picha kuanzia mwanzo hadi mwisho mpaka nilipoingia sekondari.

Nilidhani nimepunjwa. Sasa, baada ya miaka mingi ya kuzitazama katuni kama mtu anavyotazama injini iliyofunguliwa, naona mama yule alinipa somo ambalo wenzangu wa mjini walilikosa. Ukipewa kisanduku kimoja bila kinachofuata, unalazimika kuona kisanduku.

*

Hadithi ya picha ya gazetini, ile ya kusisimua inayoendelea kesho na keshokutwa, ina sehemu ndogo sana ya kufanyia kazi. Visanduku vitatu au vinne kwa siku, basi. Cha kwanza kina kazi ya aibu: kumkumbusha aliyesahau jana bila kumchosha aliyekumbuka. Cha katikati kinasogeza mambo. Cha mwisho ndicho chenye mshahara. Hapo mchoraji lazima amwache msomaji mguu mmoja hewani, na akimwacha vibaya, kesho msomaji hanunui.

Ila siri kubwa haimo ndani ya visanduku. Imo kwenye ule upenyo mweupe kati ya kimoja na kingine. Mchoraji mchanga anachora ngumi ikitua shavuni, nyota zinaruka, anaandika PUU! Fundi anachora ngumi ikiwa bado nyuma ya sikio la mpigaji, halafu kisanduku cha pili anachora kiti kimepinduka na kofia iko sakafuni. Ngumi yenyewe imepita kwenye upenyo. Nani kaipiga? Wewe msomaji. Umeipiga kwa nguvu zako zote, kwa hiyo unaamini imeuma. Yule mchoraji wa kiatu changu, ambaye jina lake liliishia kwenye pembe ya karanga ya mwenzangu, alikuwa fundi wa namna hiyo. Angeweza kumchora adui mzima mlangoni. Alichora ncha ya kiatu, akakata.

Usukuma haukuanza kusomea picha kwenye magazeti, hilo nalo lisemwe. Mwaka 1953 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyekuwa akifanya kazi serikalini Tanganyika, alichapisha kitabu juu ya picha za ukutani za Wayeye, chama cha Kisukuma cha mafundi wa nyoka. Kuta za ndani za nyumba zao zilichorwa nyoka, watu na viumbe wa ajabu, kwa ajili ya waliojiunga na chama. Mgeni aliyechungulia angeona michoro tu. Mwenyeji aliona habari, kwa sababu alijua kilichokuwa kimeachwa nje ya mchoro. Nikiziwaza kuta hizo huwa nakumbuka kile kiatu.

*

Mtu ambaye wengi wanamhesabu kuwa baba wa hadithi za picha za kusisimua magazetini aliwahi kuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Sitanii. Harold Foster, maarufu kama Hal, alizaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1892. Mwishoni mwa miaka ya 1910 yeye na mkewe waliingia porini katika jimbo la Manitoba kutafuta dhahabu, wakapata eneo lenye mali, wakalihangaikia miaka kadhaa, kisha wavamizi wakawapora. Simulia habari hii mwaloni, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa, karibu na karasha lolote la Bukombe au Mbogwe, hakuna atakayekuuliza maana ya wavamizi. Atakachouliza mtu ni jiwe lilikuwa linatema gramu ngapi.

Baada ya kuporwa, Foster hakurudi duarani, kwenye shimo la kuchimbia. Alipanda baiskeli kutoka Winnipeg hadi Chicago, kama kilomita 1,600, kwenda kutafuta kazi ya kuchora. Hapa nako wasomaji wa kwetu wana haki ya kumwelewa kuliko maprofesa: mtu aliyewahi kusukuma baiskeli ya mkaa kupanda mlima anajua maana ya kufuata riziki kwa pedeli. Tarehe 7 Januari 1929 magazeti ya Marekani yakaanza kutoa Tarzan kwa picha, na mkono uliochora ulikuwa wa yule mchimbaji.

Tarzan ni habari ya Afrika iliyotungwa na Edgar Rice Burroughs, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, na inaonekana. Foster alikuwa na jicho la ajabu la kuuona mti na jicho bovu la kumwona Mwafrika. Watu weusi wa kurasa zile ni vivuli vyenye mikuki. Nimewahi kumwonyesha kurasa hizo kwenye simu kijana mmoja wa Runzewe anayechora mabango ya saluni. Akacheka, akauliza hao ni watu wa wapi. Halafu akanyamaza, akaisogeza simu karibu na uso, akaanza kutazama mgongo wa Tarzan.

Mgongo huo unastahili kutazamwa. Kabla ya Foster, katuni nyingi za magazeti zilikuwa na watu wa mpira: wanaanguka, wanadunda, wanainuka. Foster alichora miili yenye uzito. Mtu anayeinua kitu anainua kwa kisigino, si kwa mkono tu. Shingo inakaza, bega moja linashuka. Hayo hayafundishwi darasani peke yake. Huyu alikuwa amebeba mizigo porini, akavuta mtumbwi, akachimba. Hakuweka hata puto la maneno: masimulizi yaliwekwa kando na michoro, ili picha ibaki safi kama dirisha. Tarehe 13 Februari 1937 akaanzisha hadithi yake mwenyewe, Prince Valiant, ya mashujaa wa zamani wa Ulaya, ukurasa mzima kila Jumapili, akaichora hadi mwaka 1971. Kwangu mimi Prince Valiant ni nzuri mno hadi inachosha. Kila jani limechorwa. Msomaji anastaajabu, anasahau kuogopa.

Aliyejua kuogopesha ni Milton Caniff. Hadithi yake, Terry and the Pirates, ilianza Oktoba 1934, habari za kijana wa Kimarekani na maharamia wa China. Caniff alishirikiana na rafiki yake Noel Sickles kutafuta jibu la tatizo la kiwanda: gazeti la kila siku linachapwa kwa haraka kwenye karatasi duni, na mistari myembamba inapotea au inavimba. Mistari myembamba ya Foster ilihitaji ukurasa mkubwa wa Jumapili. Wao wakachukua brashi na kumwaga wino. Nusu ya uso nyeusi tii, nusu nyeupe. Hakuna mistari mingi ya kupotea, kazi inakwenda haraka, na kumbe giza lenyewe linasimulia.

Aliyewahi kushuka duarani anaijua picha ya Caniff kabla hajaiona. Tochi iko kwenye paji la uso. Unachokiona ni kipande: ukingo wa tindo, shavu la mwenzako linalong'aa jasho, gogo la matimba yanayoshikilia kuta. Mengine yote unayajaza mwenyewe kwa masikio na kwa hofu. Mwenzako akigeuza kichwa, anafutika. Caniff alichora dunia yote hivyo, hata mchana. Na mwezi Oktoba 1941, alipomuua Raven Sherman, mwanamke ambaye wasomaji walikuwa wamemzoea, watu wakamwombolezea kana kwamba kuna msiba wa kweli. Barua na maua vikamiminika. Msiba wa wino! Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilimcheka mtu mzima anayetuma maua. Nikakumbuka kiatu, nikaacha kucheka.

*

Sasa swali ambalo limenisumbua miaka yote: Foster wa Kiswahili yuko wapi?

Wachoraji hatukukosa. Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu tangu miaka ya 1950, akamfikisha Taifa Leo na kudumu naye kwa miongo mingi. Jina lenyewe ni kazi ya sanaa. Kalulu ni sungura wa ngano za bara, yule mjanja anayemtia kila mnyama mfukoni; juha ni mpumbavu wa hadithi za pwani. Gitau aliwaoanisha maadui wawili katika mtu mmoja, kisha akamwacha ahangaike. Hapa Tanzania Christian Gregory alimleta Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na nchi nzima ikapata mtu wa kumcheka asubuhi.

Ila watazame hawa wawili kwa makini. Kalulu anaingia matatani na kutoka matatani ndani ya visanduku vyake vya siku hiyo. Chakubanga naye ukimkosa leo, kesho unampokea bila kuuliza yaliyopita. Hakuna kiatu mlangoni. Wapo wanaosema ni kwa sababu Waswahili tunapenda utani kuliko mapigano. Sikubaliani nao hata kidogo, na ushahidi wangu ni riwaya. Mwaka 1974 Aristablus Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na Willy Gamba akasomwa hadi majalada yakaota alama za vidole. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Baadaye Eric Shigongo, mzaliwa wa Buchosa, kule juu yetu kando ya Ziwa Victoria, akawafanya watu wapange foleni kila wiki kusubiri sehemu inayofuata ya hadithi zake kwenye magazeti ya udaku. Hamu ya kusisimka ilikuwepo, tena kali.

Kilichokosekana ni barabara. Hadithi ya picha ya kila siku inadai jambo moja kabla ya kipaji: gazeti lifike kila siku, kwa msomaji yule yule. Caniff alichora wiki kadhaa kabla. Kampuni za usambazaji zikapeleka kazi yake kwa mamia ya magazeti, treni na mabasi yakafikisha magazeti mlangoni kabla ya chai. Mhariri wa Dar es Salaam alikuwa na nchi ambayo nakala ya Jumatatu inafika Runzewe Alhamisi, ya Jumanne haifiki kabisa, na ya Jumatano imefungia samaki Kahama. Ukimwekea msomaji huyo shujaa aliyening'inia mwambani, atabaki mwambani mpaka mwisho wa dunia. Mhariri mwenye akili anachagua kichekesho kinachojitosheleza. Hadithi ya maneno ina nafuu: mwandishi anaweza kufungua na aya ya “ilipoishia”, au kumrudisha msomaji nyuma kwa sentensi mbili. Kisanduku kimoja hakina pa kuweka aya. Naamini, na sijaona wa kunibadilisha, kwamba ramani ya barabara za Tanganyika imeamua sura ya katuni zetu kuliko hulka ya watu wake.

Mapigano na mikimbizano ya picha yakahamia kwenye majarida, ambako toleo moja lilibeba kurasa nyingi na lingeweza kungoja mwezi. Mfalme wao ni SANI, jina lililotokana na silabi za kwanza za majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe, Madenge: mtu wa rika langu ukimtajia majina haya uso unalegea. Mkono uliowapa sura wengi wao ni wa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wengine wakawarithi wahusika kama watu wanavyorithi shamba.

Sanaa ya SANI inadharauliwa kwa sababu karatasi yake ilikuwa ya hovyo na wino uliacha alama vidoleni. Mimi nitaisifia jambo moja tu: umati. Foster angechora soko likiwa na watu hamsini, wote wamevaa vizuri. Wachoraji wa SANI walijaza kisanduku watu ambao kila mmoja ana hadithi yake: huyu anachungulia, yule anakimbia na kuku, mtoto amekaa juu ya ndoo, mbwa anafanya mambo yake pembeni. Ukimaliza mkasa mkuu unarudi kuwasoma hao. Jarida moja lilisomwa na kijiwe kizima, kwa hiyo lilihitaji vitu vya kugundua mara ya kumi. Nimeona nakala kwenye kibanda cha kinyozi pale Runzewe ambayo haikuwa na jalada la mbele wala la nyuma, na bado ilikuwa na foleni.

Aliyekaribia kabisa kutimiza ndoto yangu alichora kwa Kiingereza, na alitoka mbali. Frank Odoi alizaliwa mwaka 1948 Tarkwa, Ghana. Tarkwa ni mji wa migodi ya dhahabu, Geita ya kwao. Akahamia Nairobi, na huko, kwenye magazeti ya Kenya, akaendesha Akokhan, vita ya watu wawili wenye nguvu zisizo za kawaida, iliyotoka kwenye simulizi za Afrika Magharibi. Hatimaye shujaa mweusi mwenye mgongo wenye uzito! Katika Golgoti aliipindua kamera kabisa: Mzungu ndiye anayetangatanga Afrika na kushangaliwa. Odoi alifariki Aprili 2012 kwenye ajali ya matatu jijini Nairobi. Nairobi ilikuwa na barabara, ilikuwa na gazeti linalofika asubuhi, na ndiyo maana, nadhani, Akokhan aliweza kuning'inia mwambani hadi kesho yake.

*

Mwaka jana nilimkuta mama wa karanga. Amehama stendi, anauzia kibarazani kwake, karibu na barabara ya malori. Amezeeka, macho bado makali.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Wewe ni mtoto wa nani vile?”

Nikamweleza. Akanikumbuka kwa jina la kaka yangu, nikaacha hivyo hivyo. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mafuta ya kula, tukaongea rasi mpya ya dhahabu iliyoibuka upande wa porini na vijana waliokimbilia huko. Ndipo nikamweleza habari ya yule mtu mwenye bastola, na jinsi nilivyorudi kesho yake, na kesho yake tena, kununua karanga nisizozitaka, nikitumaini kupata kipande chenye mwenye kiatu.

Akacheka mpaka akashika mbavu.

“Kwani unafikiri nilikuwa nachana ovyo? Nilikuwa naangalia. Yale ya picha nayaweka chini ya deli. Leo natoa nusu. Kesho natoa nusu.”

“Ulikuwa unasoma, mama?”

“Nisome nini, mimi shule sijui. Nilikuwa nawaangalia nyie. Mnavyokunjua kabla hamjala.”

Nikamuuliza kiatu kilikuwa cha nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa idadi ya karanga alizouza mwaka 1995.

Nikanunua za mia tano. Siku hizi magazeti ni haba, madereva wanasoma simu, hivyo anafungia kwa karatasi za mitihani anazonunua kwa kilo. Nilikunjua pembe kabla sijala. Hisabati, darasa la saba, swali la 31: basi liliondoka Kahama saa 2:15 asubuhi likielekea, na hapo akawa amechana.